Kiatu Kwenye Ukoko

Kule Junda, Kisauni, mtu hahesabiwi amekufa mpaka Eddah amsome redioni. Waweza kuwa umeshavalishwa suti na jeneza limeshafika mlangoni, lakini kama matangazo ya mchana yamepita na Redio Upenu haikukutaja, majirani bado wataulizana kama ni kweli. Ni ile sauti yake. Ni nzito, yaenda polepole, na mwishoni hutetemeka kidogo. Eddah hakuiomba, alizaliwa nayo.

Mwenyewe alikuwa amechoka na wafu. Hakuwa na ugomvi nao, maana mfu si mtu msumbufu, hapigi simu kulalamika kwamba jina lake limekosewa. Lakini Eddah alisomea uandishi wa habari, na tangu aajiriwe hakuwahi kupewa habari hata moja ya mtu aliye hai.

Basi iliposikika kwamba shirika fulani linaleta mafunzo ya kuwatoa wanahabari kwenye kinasa sauti na kuwakalisha kwenye meza ya uhariri wa habari za uchunguzi, Eddah alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Redio Upenu ilikuwa na kiti kimoja tu cha aina hiyo: meza yake, dirisha lake, feni isiyopiga kelele, na mamlaka ya kumwambia mwanahabari yeyote, "Hii haiendi hewani." Eddah aliyataka yale mamlaka kuliko feni, na feni pia aliitaka. Aliyeshindana naye ni Bramwel, mtangazaji wa kandanda, mtu wa kifua mbele ambaye kwake kila jambo duniani lina kipindi cha kwanza na cha pili. Mkufunzi angechagua mmoja wao. Atakayekosa angerudi alikotoka, na Eddah alijua vizuri sana alikotoka.

Mkufunzi aliitwa Roseline, mwanamke mfupi kutoka Nairobi mwenye mkoba uliojaa chupa za maji. Mtu alimwambia Kisauni kuna joto, naye akaamini kupita kiasi. Hilo lilikuwa jambo la pekee aliloliamini kwa urahisi.

"Mwanahabari ndiye anayetoka nje," aliwaambia siku ya kwanza. "Wewe mhariri umekaa mezani, na kazi yako ni kuwa mtu mgumu kuamini kuliko wote mjini. Neno lako ni moja. Umejuaje? Akikuletea habari, muulize. Akikujibu, muulize tena."

Walifanya mazoezi ya neno hilo mpaka likawaingia kwenye damu. Bramwel alifika nalo nyumbani. Mkewe alipomwambia maharagwe yameiva, akamjibu, "Umejuaje?" Jioni hiyo maharagwe aliyasikia harufu tu.

Shida ilianza kwenye mashahidi. Roseline alitaka kila habari iwe na mashahidi wawili wasio na undugu, nao wakamtazama kwa huruma. Walijaribu. Walichukua habari ndogo ya bomba lililopasuka, wakampata shahidi wa kwanza, muuza mbaazi, na wa pili, fundi baiskeli. Fundi akawa shemeji wa muuza mbaazi. Wakatafuta mwingine, akawa somo wa mamake muuza mbaazi. Wakaenda mtaa wa pili, huko wakampata mtu asiyemjua yeyote, wakafurahi, kumbe alikuwa amekuja kumposa binti ya yule fundi. Mwishowe Roseline alifungua chupa ya maji, akanywa, akasema, "Sawa. Angalau wasiwe wanalala nyumba moja."

Sheria ya tatu ilikuwa kwamba anayetuhumiwa asikizwe kabla habari haijatoka. Hiyo waliielewa. Ya nne ndiyo iliyowashinda.

"Mwanahabari hali nyumbani kwa mshukiwa," Roseline alisema. "Hata chai."

Eddah akainua mkono. "Mwalimu, na akikasirika?"

"Akasirike."

"Mwalimu, wa Nairobi akikasirika atafunga mlango. Huku kwetu akikasirika atakwenda kumwambia mamako."

Roseline aliandika ubaoni HATA CHAI, akapiga mstari chini yake.

Kisha wakapewa kazi ya mwisho, ile ya kuamua. Kila mmoja alipewa tukio la kweli na mwanahabari wa kumtuma. Bramwel alipata takataka zinazomwagwa kando ya shule usiku. Eddah alipata sufuria.

Msidharau. Sufuria yenyewe ilikuwa ya Chama cha Akina Mama wa Junda, kubwa kiasi cha kumkalisha mtu mzima na magoti yake, na tangu Eddah akiwa mtoto hakuna aliyezikwa Junda bila wali wake kupikiwa humo. Siku moja ikatoweka ghalani. Msiba uliofuata ikabidi wali upikwe kwa vijisufuria vya majirani. Wa mbele wakala wali mkavu, wa nyuma wakala uji, na wakwe waliotoka mbali wakaondoka wakisema mambo. Aibu ile ilikuwa kubwa.

Chama kikaleta tangazo redioni. Kwa bahati mbaya likachanganywa na tanzia, na Eddah alipolifikia, sauti ikamshinda. "Kwa huzuni kubwa," alisoma, na mwishoni ikatetemeka, "Chama cha Akina Mama wa Junda kinatangaza kupotea kwa sufuria yake mpendwa." Mama mmoja wa Mkomani akapiga simu kutoa rambirambi na kuuliza mazishi ni lini. Kisha mwenyekiti wa chama, Mbeyu, akakalishwa mbele ya maikrofoni, akalia mbele ya wasikilizaji wote mpaka mtambo ukazimwa. Wiki hiyohiyo watu wakaanza kuchanga inunuliwe mpya, kubwa zaidi.

Mbeyu ni mamake Eddah. Eddah hakulificha, alimwambia Roseline mapema. "Yeye ndiye aliyeibiwa," Roseline akajibu, "si mshukiwa. Na hapa Junda nikimkataa kila mwenye ndugu nitabaki na ubao peke yake. Endelea."

Mwanahabari wa Eddah alikuwa Gedion wa Changamwe. Wazazi wake walitoka bara, naye ni mchapakazi, asiyeogopa mtu, lakini akiongea na mzee wa Pwani huongea naye kama wako kwenye foleni ya feri. Eddah alimtuma Likoni, kwa Mzee Boga, mpishi wa harusi anayekaa upande wa Shelly Beach. Minong'ono ilisema siku hizi Boga anapika karamu kubwa kuliko vyombo vyake.

Gedion alirudi akitembea polepole, mkono tumboni. Wakakaa wote mezani kusikiliza alichonasa.

"Niaje, buda," ilisema sauti ya Gedion.

Kisha sauti ya mzee, bila haraka. "Buda ndiyo nini, mwanangu? Kwenu hamuamkiani?"

Kilichofuata kilikuwa somo. Gedion alifundishwa shikamoo, akarudishwa mlangoni aingie upya, akaulizwa watu wa kwao hawajambo, na wazee, na mifugo, na mvua. Roseline alitazama saa mara kadhaa. Ulipofika wakati wa swali lenyewe, Gedion alikuwa ameshalainika kabisa. "Mzee wangu, samahani sana, ile sufuria ya Junda, uliiona mahali?"

"Wallahi sikuiba sufuria ya mtu," alisema Mzee Boga. "Sogea ule."

Baada ya hapo ilisikika vizuri sana sauti ya Gedion akitafuna.

"Ulikula," alisema Roseline.

"Madam, ningefanya aje? Alikuwa ameshanawa, ananingoja." Gedion akamgeukia mhariri wake. "Lakini, Edi, mzee ako sawa. Ana sufuria ndogo tu, nimeiona na macho yangu. Na ni mtu wa roho safi. Bibi yake amenifungia hadi ukoko nibebe." Akatoa gazeti lililoloa mafuta, akalifungua katikati ya meza.

Kilikuwa kipande kizima cha ukoko wa pilau, kipana, cha rangi ya kahawa. Bramwel akanyoosha mkono. Eddah akaupiga ule mkono, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mfanyakazi mwenzake.

"Usiguse. Huo ni ushahidi."

Katikati ya ukoko palikuwa na alama iliyobonyea, yenye umbo la kiatu cha mtoto, na vitundu vidogo vikiuzunguka ukingo wake. Sufuria ya Junda ilitoboka zamani, na mfua bati akaipiga kiraka kwa ndani, kiraka cha umbo la kiatu kwa kuwa ndicho kipande alichokuwa nacho. Tangu hapo kila ukoko wake hutoka na kiatu. Watoto wa Junda wameparurana kwa vizazi kugombania pale penye kiatu, na Eddah ana kovu kwenye kiwiko hadi leo.

"Gedion," akasema, "ukoko huu ulitolewa mbele yako?"

"Zii. Ulitoka nyuma ya nyumba. Kulikuwa na harusi."

"Huko nyuma ulifika?"

Gedion akatazama tumbo lake. Hakuwa amefika.

Bramwel alisimama. "Goli! Mpigeni mwizi huyo na taarifa ya saa kumi! Mpishi wa Likoni akamatwa kwa ukoko!" Wote chumbani walikuwa tayari, hata Roseline alikaa wima. Eddah akaliona lile dirisha na ile feni, vyake kabisa, umbali wa saa chache tu. Ndipo lile neno likampanda lenyewe.

"Umejuaje?" alimwuliza Bramwel.

"Nimejuaje nini? Kiatu hicho hapo!"

"Kiatu kinasema sufuria iko kwake. Hakisemi ilifikaje." Akamgeukia Gedion. "Kesho rudi. Usimwulize kama aliiba, alishaapa. Mwonyeshe picha ya ukoko, umwulize ni nani aliyeileta sufuria. Na usile."

Gedion alikwenda tena Likoni, na alirudi ameshiba. Alijitetea kwamba mara hii alikataa kabisa, mzee akaguna, akanyamaza, akakaa hivyo mpaka yeye alipotia tonge la kwanza kinywani. Lakini jibu alikuja nalo. Mzee Boga aliitazama ile picha, akacheka mpaka akakohoa, akasema, "Mimi nimeapa kutomtaja aliyenipa amana. Ila kamwulize yule aliyelia redioni."

"Na mimi nikatafuta shahidi wa pili," Gedion aliendelea kwa fahari. "Msee wa tuktuk, anaitwa Munga. Alibeba sufuria hadi feri, haikuingia ndani, ikabidi wameifunga juu. Anasema abiria alikuwa mama mmoja amevaa leso ya chama, na aliishikilia kwa mkono njia nzima. Sasa, Edi, ni nani alilia redioni?"

Gedion hakuwepo siku ile. Bramwel alikuwepo, na uso wake ukabadilika. Eddah alihisi masikio yakiwaka moto. Munga ni mtoto wa shangazi yake, kwa hiyo kwa sheria ya Nairobi hata ushahidi wake ulikuwa na kasoro, lakini hilo halikumsaidia mtu.

Angeweza kunyamaza. Gedion hakujua, Roseline alikuwa nje akizungumza kwa simu, na Bramwel alikuwa ameinama akijifanya anatafuta kalamu chini ya meza. Eddah aliinuka, akamfuata mkufunzi kwenye ngazi.

"Mwalimu, mshukiwa sasa ni mamangu. Najitoa. Mpe Bramwel habari yangu."

Roseline akakata simu. "Unajua ukimpa habari unampa na kiti?"

"Najua." Sauti ikatetemeka mwishoni, na safari hii hakuwa akisoma kitu.

Bramwel aliipokea habari ile, na kwa haki yake tumseme vizuri, alimpigia Mbeyu simu mara moja kumsikiza kabla ya lolote. Lakini Mbeyu alikataa kujibu. "Sitaulizwa na mtu wa mpira," alisema. "Nitaulizwa na mwanangu, tena nitakuja mwenyewe, nisije nikaambiwa nilijificha."

Kesho yake akaja, amevaa leso ya chama, amebeba bakuli lililofunikwa. Hata harusi haina harufu tamu kama ile. Roseline alilitazama bakuli, akautazama ubao, akaamuru liwekwe mbali juu ya kabati. Akampa Eddah maikrofoni. "Uliza wewe. Bramwel ndiye atakayehariri. Ukimpendelea, atakukata."

"Shikamoo, mama," alisema Eddah.

"Marahaba. Wanikalisha hapa kama mwizi, nami ndiye niliyekuzaa."

"Mama, sufuria ulimpelekea Mzee Boga wewe?"

"Nilimpelekea."

Bramwel, aliyejiandaa kwa mashindano marefu, akaitazama saa yake.

"Kwa nini?"

"Iwe mbali."

"Mbali na nani?"

Mbeyu akaikunja ncha ya leso yake, akaikunjua. "Na mimi."

Hapo ndipo alipoyatoa yote. "Akifa mtu Junda, wewe wamsoma mchana, nawe hujamaliza kutetemesha sauti mimi nishaitwa. Mwenyekiti, twakungoja. Mwenyekiti, bila mkono wako wali hauivi. Nimeusonga wali wa wafu tangu babako yu hai. Nikamsongea na yeye wake, siku ya kumzika, wenzangu wamekaa mkekani wanalia, mimi niko motoni. Nikisema basi, itasemwa Mbeyu amewanyima wafu wa watu. Nikaona sufuria isipokuwepo, hakuna wa kuniita. Kumbe nimejichimbia! Nasikia mwachanga mnunue kubwa zaidi!" Akapangusa jasho. "Si jambo kubwa. Nilichoka kidogo, basi."

Lilikuwa jibu safi, lenye mwanzo na mwisho, na Bramwel alikuwa ameshanyoosha kidole kuzima mtambo. Eddah akakizuia.

"Kidogo, mama? Umejuaje ni kidogo?"

Mbeyu akamtazama mwanawe kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. Macho yakamjaa.

"Nimechoka sana, mwanangu. Nimechoka mpaka naota mwiko."

Eddah alitaka kumkumbatia, na kwa sababu maikrofoni ilikuwa mkononi hakuweza, akamshika goti. Alimhurumia mamake, akajionea haya yeye mwenyewe, maana katika miaka yote aliyokuwa akilalamikia wafu wake hakuwahi kujiuliza wakishatoka kwake huenda kwa nani.

"Na yale machozi ya redioni, mama?" Bramwel aliuliza kwa adabu.

"Yale yalikuwa ya kweli," Mbeyu akajibu, amekereka. "Ile sufuria naipenda."

Roseline alizima mtambo mwenyewe. Akavuta kiti, akapanda, akaliteremsha bakuli. "Sasa ameshajibu," akasema akifunua, "si mshukiwa tena." Lilikuwa na samaki wa kupaka, na mkufunzi wa habari za uchunguzi akala bila kuuliza swali lolote.

Uamuzi aliutoa akiwa bado analamba vidole. "Bramwel, siku ile ya ukoko ungempeleka mzee wa watu hewani kuwa mwizi, na angekuwa mwizi mpaka leo. Eddah, ulimzuia mwenzako, ukajizuia na wewe. Kiti ni chako. Kazi yako ya kwanza ni hii hapa. Iende au isiende?"

Alichokitaka muda wote kikawa kichungu mkononi. Angesema haiendi, na mamake angerudi nyumbani na heshima yake, na mwiko wake. Mbeyu mwenyewe alikuwa amejiinamia, akisubiri mwanawe amwamulie. Eddah aliogopa kweli. Wanawake wa Junda wana ndimi.

"Iende," alisema. "Yote. Na lile la kuchoka sana lisikatwe."

Habari ilitoka asubuhi, ikasomwa na Gedion. Mchana tanzia zikasomwa na Bramwel, kwa kuwa lazima kuna atakayezisoma. "Na naaam!" alinguruma. "Baada ya mapambano ya muda mrefu, mzee wetu ametoka uwanjani!" Simu zikapigwa za malalamiko, ila bibi mmoja wa Junda akaomba siku yake ikifika asomwe hivyohivyo.

Alasiri Mbeyu alikuwa nyumbani na Eddah, mlango umefungwa. Wakasikia miguu mingi. Mbeyu akachungulia dirishani, akarudi nyuma. "Wamekuja wote," alinong'ona. "Hata wale wasiotembeleana."

Walikuwa akina mama wa chama, nao walikuwa wamebeba ile sufuria mpya ya mchango, wanne kila upande. Hawakusema neno la lawama. Mmoja alimtolea Mbeyu kiti, akakiweka uani kivulini, akamwambia, "Mwenyekiti, kaa." Mbeyu alipoinuka kuuliza chumvi iko wapi, wakamkalisha. Alipoinuka kwa sababu moto umezidi, wakamkalisha tena. Mwiko ulizunguka mkono hadi mkono, kila mmoja akisonga vile alivyojua, na wengi hawakujua.

Wali ulipopakuliwa, sahani ya kwanza ilikuwa yake. Ulikuwa umelowa juu, chini umeungua, upande mmoja hauna chumvi na mwingine una chumvi ya msiba mzima. Ukoko haukuwa na alama yoyote. Wote wakasimama wakimtazama. Mbeyu akatia tonge, akatafuna taratibu, akameza.

"Mtamu," alisema. "Mtamu sana."

Eddah alikuwa amekaa chini karibu naye, tonge lake mwenyewe likiwa bado mdomoni, na kwa maisha yake yote hakuwahi kusikia uongo ulio wazi kama ule. Akaumeza wali, akaupitisha uongo bila kuuliza umejuaje.